Somo: Kuweka programu ya muziki katika kompyuta ya zamani



Katika somo hili tunaeleza namna ya kuweka programu ya kutengenezea muziki katika kompyuta ya zamani, kama ile ya chumba cha vijana hapa Nkamira, au kama zile zinazouzwa mkono wa pili mjini Gisenyi. Vijana wa kwaya na wa bendi wameuliza jambo hili mara nyingi, na sababu yao inaeleweka. Nkamira ni kituo cha kupita. Mtu anafika kutoka Masisi au Rutshuru, anakaa miezi kadhaa, halafu siku moja jina lake linasomwa na anapanda basi kwenda kambi ya Mahama, wilayani Kirehe, upande mwingine kabisa wa Rwanda. Kwaya inaweza kupoteza nusu ya waimbaji wake kwa asubuhi moja. Wimbo ambao haujarekodiwa kabla ya basi kuondoka huenda usiimbwe tena na sauti zile zile. Hapo ndipo haraka inapoingia, na haraka ndiyo inayoharibu mashini.

Somo ni refu kidogo. Yafaa lisomwe na mtu aliyekaa karibu na ordinateri yenyewe, akijaribu kila hatua.

Ijue mashini kabla ya kuchagua programu

Vijana wengi wanaanza na jina la programu waliyoisikia kwa rafiki, wanaitafuta, wanaiweka, kisha wanashangaa kwa nini kompyuta imekwama. Tuanze upande wa pili. Kompyuta ndiyo inayochagua programu. Kazi yetu ni kuiuliza inaweza nini.

Katika Windows 7, weka mshale juu ya picha ya kompyuta iliyoandikwa Computer, au Ordinateur kama mashini ni ya Kifaransa. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua mstari wa mwisho, Properties au Propriétés. Utafunguka ukurasa wenye maneno mengi. Andika mambo matatu kwenye daftari: aina ya Windows, ukubwa wa kumbukumbu ya kazi ambayo wengi wanaiita ramu, na kama mfumo ni wa biti 32 au biti 64.

Jambo hilo la tatu ndilo linalowaangusha watu. Mfumo wa biti 32 una namna ya kuhesabu sehemu za kumbukumbu ambayo inafikia mwisho wake kwenye gigabaiti 4, na kwa kawaida Windows ya namna hiyo inatumia 3 na kidogo tu, hata ukiongeza ramu nyingine. Programu iliyotengenezwa kwa biti 64 haitafunguka kabisa humo. Lakini programu ya biti 32 inafanya kazi katika mifumo yote miwili. Basi ukiwa na shaka, chukua ya biti 32. Hutakosea.

Kuhusu ramu: ukiwa na gigabaiti 2 unaweza kufanya kazi nzuri ya muziki, ukiwa na 4 utakaa kwa raha. Chini ya gigabaiti 1 usivunjike moyo, tutaeleza mbele kidogo la kufanya.

Kuhusu aina ya Windows, kuna jambo la usalama ambalo kila mtu anapaswa kulijua. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama kwa Windows XP mwezi wa Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba mashini hizo ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama: mlango ukivunjika hakuna wa kuutengeneza. Kwa hiyo kompyuta ya zamani tusiitumie kufungulia barua za siri, wala akaunti za fedha, wala mitandao ya kijamii. Kwa muziki haina shida, kwa kuwa muziki hauhitaji intaneti. Kwa maoni yangu mashini ya muziki ikae bila intaneti kabisa, na kila kinachoingia kipite kwa flashi iliyokaguliwa. Watu wananuna nikisema hivyo, lakini nasema tena.

Na usikubali mtu akuwekee Windows mpya katika mashini dhaifu kwa kudhani itakwenda kasi. Mfumo mpya unakula ramu yote kabla hujafungua wimbo.

Angalia kwanza kilichomo

Kabla ya kuweka chochote, fungua mafolda ya Desktop, Documents na Music, ukiwa na subira. Kompyuta ya chumba cha watu wote imebeba kazi za waliopita. Humo kuna rekodi za kwaya ambayo watu wake wako Mahama leo, kuna sauti ya bibi akiimba nyimbo za kuchunga ng'ombe au za kubembeleza mtoto, na faili hizo mara nyingi zina majina yasiyoeleza kitu, kama "rekodi 3" au "test". Anayezifuta hajui anachofuta. Sikiliza kila faili walau sekunde 20 kabla ya kuamua.

Mtu akisema "tuiformati tu, ianze upya", mwambie hapana. Kuformati kunafuta vyote. Kwa kawaida tatizo linalomsukuma kusema hivyo lina dawa nyingine.

Nakili rekodi hizo mahali pawili, kwa mfano flashi moja na kadi moja ya simu, na vitu hivyo viwili visikae katika mfuko mmoja. Ili ujue nafasi unayohitaji, shika hesabu hii: sauti ya aina ya WAV, biti 16, yenye mfereji mmoja, inachukua kama megabaiti 5.3 kwa dakika moja. Ikiwa na mifereji miwili, kushoto na kulia, ni mara mbili. Wimbo wa dakika tano basi ni karibu megabaiti 26, au 53. Katika flashi ya gigabaiti 8 zinaingia nyimbo zaidi ya mia moja, kwa hiyo hatuna sababu ya kufuta.

Kisha punguza uchafu. Windows ina chombo chake cha kufagia, kinaitwa Disk Cleanup, ambacho kinaondoa faili za muda. Diski ibaki na nafasi wazi ya gigabaiti 5 hivi. Diski iliyojaa inafanya kurekodi kukatike katikati ya ubeti.

Programu ipi?

Jina linalotajwa kila siku ni FL Studio. Ilitokea Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikabadilishwa jina mwaka 2003, na ni programu nzuri, sina ubishi. Shida yake kwetu ni fedha. Ile ya kujaribu bila malipo inakuruhusu kutengeneza wimbo na kuutoa kama faili ya sauti, lakini kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena ili uendelee mpaka ununue. Kwa kwaya inayofanya wimbo kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, hiyo haifai.

Hapo ndipo mtu anapoleta flashi yenye programu "iliyovunjwa", yaani iliyoibwa na kuondolewa kufuli. Sitazungumzia dhambi yake, waulize wachungaji. Nitazungumzia mashini. Programu hizo karibu zote zinakuomba uzime antivirusi kabla ya kuziweka. Jiulize kwa nini mgeni anakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia. Hapa chumbani imetokea kwamba mafolda yote ya flashi yaligeuka kuwa vishale vidogo, na ukibonyeza kishale unafungua kirusi badala ya folda. Kila flashi iliyochomekwa baada ya hapo ilipata ugonjwa ule ule. Virusi hivyo vya Windows haviwezi kuendesha simu yako, lakini kadi ya simu inavibeba na kuvipeleka katika kompyuta nyingine.

Kama jambo hilo limekupata, usiformati flashi. Mara nyingi faili zako zimefichwa, hazijafutwa. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri kiitwacho cmd, na kama flashi yako inaonekana kwa herufi E, andika hivi, ukichunga kila nafasi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter na ungoje. Mafolda yatarudi kuonekana. Nakili nyimbo zako tu, uziache zile faili za vishale, halafu flashi ikaguliwe kwa antivirusi katika mashini iliyo nzima. Amri hiyo inafichua faili, haiui kirusi.

Sisi tunashauri programu mbili za bure, ambazo hazikuibwa na mtu na ambazo unaruhusiwa kumgawia jirani: LMMS na Audacity. Kila moja ina kazi yake. LMMS ni studio ya kupanga muziki: ngoma, besi, kinanda, mpangilio wa wimbo mzima. Lakini toleo lake la 1.2.2, lililotoka mwaka 2020, halirekodi sauti kutoka mikro. Vijana wengi wanaliweka, wanatafuta kitufe cha kurekodi, hawakioni, na wanadhani limeharibika. Halikuharibika. Kurekodi ni kazi ya Audacity, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa watu mwaka 2000. Unarekodi sauti kwa Audacity, unaitoa kama WAV, unaileta ndani ya LMMS na kuipanga pamoja na vyombo. Kwa Windows 7 chukua Audacity 2.4.2. Ni ya biti 32, haichagui mashini.

Na yule mwenye kompyuta ya ramu chini ya gigabaiti 1? Ajaribu OpenMPT. Hiyo ni ya ukoo wa programu za zamani zinazoandika muziki kama jedwali la herufi na tarakimu zinazoteremka kwenye skrini. Ilianza mwaka 1997 kwa jina la ModPlug Tracker. Kuizoea kunachukua wiki, sura yake inatisha kama daftari la mhasibu, lakini inakwenda vizuri katika mashini ambazo programu nyingine zimezikataa.

Kuna watakaosema kuwa kwa vyombo duni hakutoki muziki wa maana. Singeli ya Dar es Salaam ilikuzwa katika studio ndogo za mitaani, na moja ya hizo, Sisso, iko Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio hiyo, Sounds of Sisso, na baada ya hapo watu wa Ulaya wakaanza kuwaalika vijana wale kupiga kwao.

Kuleta programu na kuiweka

Pakua programu katika duka la intaneti mjini, au kwa simu yenye kadi. Anzia kwenye tovuti za wenyewe: lmms.io na audacityteam.org. Ukiandika jina tu katika kitafutio, utapelekwa kwenye kurasa zenye vitufe vitano vinavyomulika, kila kimoja kinasema "pakua", na vinne kati yao ni mitego. Kwenye ukurasa wa LMMS chagua Windows ya biti 32. Faili likiisha kushuka, linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Likiwa dogo zaidi, limekatika njiani; pakua tena ukiwa huko huko mjini, usisubiri kurudi kambini ndipo ugundue.

Chumbani, kagua flashi kwanza kwa antivirusi, kisha nakili faili kwenye kompyuta. Usiliendeshe likiwa ndani ya flashi. Libonyeze mara mbili. Mashini itauliza neno la siri la msimamizi. Mwite mwenye dhamana ya chumba aliandike mwenyewe. Kisha yatakuja maswali, na kwa sehemu kubwa unabonyeza Next, lakini soma kila ukurasa. Programu hizi mbili, ukizitoa kwa wenyewe, hazina cha kuficha. Zoea hilo la kusoma litakuokoa siku nyingine.

Likitokea tangazo kwamba programu haipatani na aina ya Windows uliyonayo, karibu kila mara umechukua ya biti 64. Likitokea tangazo kwamba faili fulani lenye mwisho wa dll halipo, usiende kulitafuta faili hilo peke yake kwenye tovuti usizozijua, maana ni mlango mkubwa wa virusi. Mara nyingi kinachohitajika ni kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++, nacho kinapatikana kwa Microsoft wenyewe bila malipo.

LMMS ikifunguka mara ya kwanza itauliza kama iunde folda yake ya kazi. Kubali. Kama mashini ina diski ya pili, D, weka folda hiyo huko, ili siku Windows ikifa katika C, nyimbo zibaki.

Sauti inayokwaruza

Sasa umefungua LMMS, umebonyeza kitufe cha kupiga, na sauti inatoka kama mafuta yanayochemka. Wengi wanaishia hapa na kusema mashini ni mbovu. Hebu tueleze kinachotokea.

Kompyuta haitoi sauti kama maji ya bomba. Inaijaza katika ndoo ndogo, na wakati ndoo moja inamiminwa kwenye spika, inajaza nyingine. Ndoo hiyo inaitwa bafa. LMMS inaanza na bafa ya vipande 256. Kwa kuwa sekunde moja ya sauti ina vipande 44,100, ndoo ya 256 inaisha kwa milisekunde 6 hivi. Prosesa ya zamani haiwahi kujaza ndoo ya pili, na pale inapochelewa ndipo unaposikia mkwaruzo. Dawa ni kuongeza ukubwa wa ndoo. Ingia kwenye menyu ya Edit, kisha Settings, tafuta ukurasa wa sauti, peleka bafa kwenye 1024, halafu funga LMMS na uifungue tena, kwa maana mabadiliko hayafanyi kazi mpaka iwashwe upya. Bado inakwaruza? Nenda 2048.

Kila kitu kina bei. Ukiongeza bafa, kuna kuchelewa kati ya kubonyeza noti na kuisikia: kwa 1024 ni kama milisekunde 23, kwa 2048 ni 46. Kwa anayepanga noti kwa mausi hilo si neno. Anayepiga kinanda cha kuchomeka atalisikia na litamkera.

Saidia prosesa kwa njia nyingine pia. Funga programu nyingine zote. Kama ni laptopu, katika mipango ya umeme chagua ile ya nguvu kamili, kwa kuwa ile ya kubana betri inaipunguzia kasi. Futa vumbi kwenye matundu ya hewa kwa brashi laini. Udongo wetu wa volkano ni mwepesi na unaingia kila mahali, na mashini ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe. Ndani ya LMMS, chombo kiitwacho ZynAddSubFX kina sauti tamu na kinakula nguvu nyingi. Ukitumia vinne, mashini itapiga magoti. Mafundi wanafanya hivi: sehemu ya kinanda ikiwa tayari, itoe peke yake kama WAV, irudishe kwenye wimbo kama rekodi, kisha uzime chombo chenyewe. Kompyuta inacheza rekodi bila shida, kwa sababu kazi ngumu imekwisha kufanyika.

Kurekodi sauti za watu

Katika kompyuta ya mezani tundu la waridi ni la mikro, la kijani ni la hedifoni au spika. Laptopu nyingi zina mikro ndogo ndani yake, na hiyo inarekodi zaidi feni ya mashini kuliko mwimbaji. Simu nzuri iliyowekwa mita moja na nusu mbele ya kwaya mara nyingi inashinda. Tafuta katika simu programu ya kurekodi inayotoa WAV. Zile za kawaida zinatoa faili aina ya m4a au amr, ambazo Audacity haizifungui mpaka uongezewe kifurushi kinachoitwa FFmpeg.

Rekodi mapema asubuhi. Mchana kuna watoto na jenereta, jioni kuna mvua, na mvua juu ya shitingi inafunika kila sauti. Kabla ya kuimba, wote wanyamaze kwa sekunde tano huku mashini inarekodi. Ukimya huo utautumia baadaye: katika Audacity unauchagua, unaingia kwenye Noise Reduction, unaipa programu mfano wa kelele ya chumba, nayo inajaribu kuiondoa katika wimbo mzima. Tumia kidogo. Ukizidisha, waimbaji wanakuwa kama wako ndani ya mtungi.

Angalia mistari ya kupima sauti isifike mwisho wa kulia. Ikae kwenye -6 hivi pale kwaya inapopaza. Sauti iliyozidi na kupasuka haina dawa, ile iliyo ndogo unaweza kuikuza. Na programu zote mbili ziwe kwenye 44100, vinginevyo unaweza kukuta kwaya imegeuka ya watoto au ya majitu.

Kwa ngoma, hamlazimiki kutumia zile za kigeni zilizokuja na LMMS. Pigeni jerikani tupu, jerikani yenye maji nusu, sufuria, makofi, kila moja mara tatu. Kateni kila pigo katika Audacity, mlitoe kama WAV, mlibebe kwa mausi hadi ndani ya LMMS. Tayari mna ngoma ambayo hakuna studio nyingine inayo. Kumbukeni pia kwamba LMMS inaanza na mwendo wa 140 na hesabu ya nne kwa nne. Nyimbo nyingi za kwetu za kucheza zinakwenda kwa sita kwa nane. Badilisheni hesabu hiyo juu kabisa kabla ya kuweka noti ya kwanza, la sivyo mtamlaumu mpiga ngoma bure.

Kuhifadhi, na kuondoka

Umeme unakatika bila kuaga. LMMS ina sehemu ya kujihifadhi yenyewe, hakikisha imewashwa, na mkono wako uzoee Ctrl na S kila baada ya dakika chache.

Sasa jambo ambalo linawapotezea watu kazi kuliko umeme. Audacity 2.4.2 inahifadhi kazi katika vitu viwili: faili moja dogo lenye mwisho wa aup, na folda yenye jina lile lile likifuatwa na _data. Sauti yenyewe imo kwenye folda. Faili la aup ni ramani tu. Anayenakili aup peke yake na kupanda basi, amebeba ramani ya nyumba akaacha nyumba. Kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2021 vyote viko katika faili moja la aup3, lakini toleo letu haliwezi kulifungua faili hilo.

LMMS nayo ina mtego unaofanana. Faili lake lenye mwisho wa mmpz linashika noti na mpangilio, lakini sauti mlizorekodi hazimo ndani yake. Limeandika tu mahali zilipo kwenye diski. Kwa hiyo kila wimbo uwe na folda yake tangu siku ya kwanza, na humo viwemo rekodi zote za WAV, faili la LMMS, vitu viwili vya Audacity, na wimbo uliokwisha kutolewa kwa WAV na kwa MP3. MP3 ni ya kusikiliza na kugawa kwa simu. WAV ni ya kutunza.

Ongeza faili dogo la maandishi: jina la wimbo, lugha, unatoka kijiji gani, tarehe, na nani walikubali majina yao yaandikwe. Hapa naomba tusimame kidogo. Nyimbo nyingine zinataja waliouawa, au mahali ambapo ndugu zetu bado wamejificha, au zinamsema mwenye bunduki. Mwimbaji aliyefurahi kurekodiwa chumbani hajakubali kusikika Goma. Kabla wimbo haujatumwa kwa mtandao au kwa redio, muulizeni kila mmoja peke yake, siyo mbele ya kwaya nzima ambapo ni vigumu kukataa. Akisema jina lake litoke, litoke. Akisema sauti yake itoke, sauti hiyo itoke pia, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Mzazi anajibu kwa ajili ya mtoto, lakini mtoto naye aulizwe.

Majina ya wasafiri yakisomwa, mwimbaji anayeondoka apewe nakala ya folda nzima kwenye kadi yake, na katika lile faili la maandishi aandikiwe kwamba kazi hii ilifanywa kwa LMMS 1.2.2 na Audacity 2.4.2, biti 32, na programu zenyewe mbili ziwekwe humo humo. Akipata kompyuta huko Mahama, ya zamani au mpya, azifungue hizo, aongeze sauti yake, kisha atume nyuma ile WAV ya sauti yake peke yake. Ianze pale pale wimbo unapoanza, hata kama yeye anaingia kwenye ubeti wa tatu, ili sisi huku tuiweke kwenye mstari bila kukisia.